Kurudi jumla, kurudi kwa majaribio, au mguu huku mguu kule: ukiaga Uingereza, uage vipi?

Kwa miaka 17 niliyokaa Reading, kila nilipopiga simu Tanga swali la mwisho kabla ya kukata lilikuwa lilelile: "Unarudi lini?" Nami nilikuwa na jibu langu la kudumu: "Mwakani, inshallah." Mwakani hiyo niliiimba mpaka mama akaacha kuuliza, na hapo ndipo niliposhtuka.

Nilipoanza kujipanga kwa kweli niliona kwamba "lini" ni swali dogo. Swali zito ni "vipi", maana wenzangu waliotangulia hawakurudi kwa namna moja. Wapo waliouza kila kitu, wakapakia kontena, wakarudi jumla. Wapo waliopangisha nyumba na kwenda kuonja kwanza. Na wapo wanaoishi kama mbayuwayu: baridi ikianza Uingereza wako Bongo, joto likirudi kule nao wanarudi.

Niseme mapema mnijue upande wangu. Mimi nilianza na majaribio nikaishia jumla, mwaka 2022. Wifi yangu ni mbayuwayu na hana majuto. Shoga yangu mmoja wa Leicester alirudi jumla tangu siku ya kwanza, na leo yuko Leicester tena. Kwa hiyo sitakwambia ipi ni bora. Nitaziweka zote tatu kwenye mizani ileile.

VIGEZO VITANO

Makaratasi. Hapa watu wetu hawalingani. Mwenye ukaazi wa kudumu tu, bila pasipoti ya Uingereza, akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo ukaazi unakufa. Kuufufua ni kuomba viza ya mkaazi anayerejea na kuthibitisha kwamba bado una mizizi kule. Aliyechukua pasipoti ya Uingereza hahesabiwi siku. Anaweza kukaa Pangani miaka 30 akarudi kesho. Ila Mtanzania aliyeichukua ameacha uraia wa kwao, kwa sababu sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Anaingia kwa mama yake kwa viza. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia, viwanja vingi tulivyonunua kwa jasho la kubeba boksi vina majina ya mama na kaka zetu. Sasa kuna hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, iliyoletwa kupunguza makali haya. Masharti yake yaulize Uhamiaji kabla hujanunua tiketi. Mkenya hana shida hiyo tangu Katiba ya 2010. Mkongomani yuko kundi letu.

Mfuko. Pensheni ya serikali ya Uingereza inataka angalau miaka 10 ya michango ndipo upate chochote, na kwa kawaida 35 upate kamili. Kamili hiyo, kwa mwaka 2025/26, ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Inakufuata popote. Lakini Tanzania na Kenya zimo kwenye nchi ambako haipandi: kiwango ulichoanza nacho ukiwa huku ndicho utakachobaki nacho, hata ukiishi miaka 25 mingine na bei ya unga ipande mara ngapi. Pensheni ya kazini nayo ni yako, lakini huigusi kabla ya miaka 55, na kuanzia Aprili 2028 itakuwa 57. Misaada inayotegemea kipato haivuki bahari.

Afya. Matibabu ya NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, yanafuata makazi. Hayafuati pasipoti wala kodi uliyokatwa miaka 20. Ukishahama wewe ni mgeni, na mgeni akilazwa anaweza kuletewa bili ya asilimia 150 ya gharama.

Watoto. Wazazi wengi hufikiria shule wakasahau chuo. Mtoto akitaka kusoma chuo England kwa ada ya wenyeji, ambayo kwa 2025/26 haikuzidi pauni 9,535, kwa kawaida lazima awe ameishi kule miaka 3 kabla kozi haijaanza. Pasipoti peke yake haitoshi. Bila hiyo miaka anatozwa ada ya mgeni, nayo huwa mara mbili au tatu.

Moyo. Unaagaje, na unapokewaje. Hiki hakina fomu, lakini nimeona kikiwarudisha watu uwanja wa ndege kuliko vile vinne vya juu.

KURUDI JUMLA

Makaratasi: kwa mwenye ukaazi wa kudumu, miezi 24 inaanza kuhesabika siku ndege inaporuka, na anayerudi jumla huwa haihesabu. Anashtuka mwaka wa tatu. Kabla hujaondoka jaza fomu P85 ya mamlaka ya kodi. Mara nyingi aliyeondoka katikati ya mwaka wa kodi hurudishiwa chochote alichokatwa zaidi. Iulize pia benki yako, maana baadhi hufunga akaunti ya mtu aliyehama.

Mfuko: hii ndiyo njia inayokupa mtaji wa pamoja, na hapo ndipo ilipo raha yake na hatari yake. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamruhusu anayehamisha makazi kuingiza vyombo vyake vya nyumbani bila ushuru, pamoja na gari moja alilolimiliki na kulitumia huko nje walau miezi 12. Kenya inaongeza sharti la umri wa gari, lisizidi miaka 8. Gharama za bandari na wakala ni juu yako. Sisi wa Uingereza tuna bahati ambayo wa Marekani hawana: usukani uko kulia na plagi ni zilezile za pini tatu, kwa hiyo friji la Reading linachomekwa Tanga bila kuuliza. Pakia mashine ya kufulia, cherehani, vifaa vya fundi. Mazulia waachie majirani. Langu liko stoo mpaka leo. Joto la Januari Tanga halitaki zulia.

Afya: umehama NHS siku hiyohiyo. Mwenye sukari au presha ajue kabla ya safari dawa zake zinaitwaje huku, zinapatikana wapi na zinagharimu kiasi gani kwa mwezi, kisha akate bima mapema. Dar ina Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ukiwa mkoani, hesabu na nauli.

Watoto: kwa mdogo ni njia nzuri kuliko zote, maana anahama mara moja na Kiswahili kinamwingia mchangani akicheza. Kwa wa miaka 14 ni msiba. Anakatizwa masomo miaka miwili kabla ya mitihani mikubwa na kuingizwa darasa asilolijua, huku hesabu ya miaka 3 ya chuo ikianza kumgeukia. Ukiweza subiri amalize, au urudi kabla hajafika sekondari.

Moyo: uagaji wake ni safi. Unagawa vyombo, unamaliza zamu yako ya upatu (usiondoke ukiwa umeshapokea na hujamaliza kuchangia, jina litakufuata mpaka Chumbageni), ukumbi unakodiwa, pilau linapikwa, watu wanalia, mnaachana. Na nyumbani wanakuamini. Fundi akijua hupandi ndege Jumapili, simenti haimwagiki hovyo.

Upande wa pili ni mapokezi. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyerudi kutoka majuu hapewi jembe. Anaombwa pesa ya jembe. Miezi mitatu ya kwanza sebule haikauki watu, kisha wanapoelewa kwamba pauni hazitoki tena, kunakuwa kimya. Kimya kile hakuna aliyeniandaa nacho.

Yule shoga wa Leicester aliuza nyumba, akafungua duka la vifaa vya ujenzi Dar. Mtaji uliisha miezi 14. Akarudi Uingereza, akaanza upya kwa kupanga chumba akiwa na miaka 51. Nilimuuliza kama Dar ilimtapeli. Akacheka: "Dar haikunitapeli. Nilitoka Dar nina miaka 22, nilikuwa sijui hata duka linafunguliwaje."

Inamfaa nani: aliyemaliza kulea, mwenye pensheni inayokaribia au kipato huku kilichokwisha kupimwa, na aliyekaa nyumbani miezi kadhaa katika miaka ya karibuni, si wiki tatu za Krismasi.

KURUDI KWA MAJARIBIO

Makaratasi: una chini ya miezi 24, na hiyo ndiyo kalenda yako. Kuna wanaodhani kwamba kurudi wiki moja kila mwaka kunasimamisha saa. Usitegemee hivyo. Afisa wa mpakani anaweza kukuuliza kama bado unaishi Uingereza au unakuja kutembea tu, na majibu yako yana uzito.

Mfuko: swali kubwa ni nyumba uliyoiacha. Kama ni yako ya mkopo, benki itoe ruhusa ya kupangisha. Ukiwa nje, wakala au mpangaji anatakiwa kukata asilimia 20 ya pango na kuipeleka serikalini, isipokuwa umeomba kibali cha kupokea yote na kujaza hesabu mwenyewe. Kama ni nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri, hapa nitasema kwa sauti: usimwachie binamu akae na kukutumia hela. Tangu sheria ya 2013, kupangisha nyumba ya jamii kinyemela ni kosa la jinai kule England, na nyumba unaipoteza pia. Najua watu wanafanya. Najua na walioitwa mahakamani.

Kazi nayo: likizo ndefu bila malipo ni hisani ya mwajiri. Wa kwangu hakunipa, nikaacha. Kwa bahati kazi za kea, za kutunza wazee na wagonjwa, hazikosekani. Mwenye cheo ofisini atafakari zaidi.

Afya: fanya matibabu yawe sehemu ya jaribio. Nenda kliniki kama mwenyeji, kaa foleni, nunua dawa dukani kwa shilingi zako. Ukijaza begi dawa za mwaka mzima kutoka Uingereza hujajaribu chochote.

Watoto: mwaka mmoja kwa mtoto wa shule ya msingi unabebeka, na wengine huutumia hasa kumtia lugha. Lakini akirudi na kuondoka tena mara ya pili anachoka. Nimeona mtoto aliyehamishwa shule nne ndani ya miaka mitatu kwa sababu wazazi walikuwa "wanajaribu".

Moyo: kuaga kwake ni kwa kuibia. Huandaliwi pilau, kwa kuwa hujui kama unaondoka. Unasema "natembea kidogo", na rafiki wa miaka 15 anakuaga kwa ujumbe wa simu. Nyumbani vilevile wanakuweka kwenye kundi la likizo: hakuna anayekupa ukweli wa biashara wala kukuingiza kwenye kikundi cha mtaa, maana wewe ni wa kuondoka. Nililichukia hilo. Lakini nalishukuru jaribio kwa jambo moja. Nilifika Desemba, nikakuta harusi juu ya harusi, embe, upepo wa bahari, nikasema nimechelewa nini miaka yote. Kisha ikaja masika. Umeme ukakatika, paa la nyumba niliyoijenga kwa kutuma pesa miaka sita (kwa mkono wa ndugu yangu mmoja ambaye simenti kwake ilikuwa ikipanda kila wiki) likavuja vyumba viwili kati ya vitatu. Nililala na ndoo. Nikajua gharama ya kweli ya kurudi, na nikajua pia kwamba ninaimudu. Jaribio lisilopita masika si jaribio.

Sharti jingine nililojiwekea, na ninakupa: ishi kwa kipato utakachokuwa nacho ukirudi jumla. Ukila akiba ya pauni mwaka mzima, umepima likizo.

Inamfaa nani: mwenye ukaazi wa kudumu asiye na uhakika, wanandoa wasiokubaliana (mmoja anataka, mwingine anaogopa), na yeyote anayetaka biashara asiyoijua. Haimfai mtu wa kuahirisha. Huyo atajaribu hadi siku ya 729.

MGUU HUKU MGUU KULE

Makaratasi: ni njia ya wenye pasipoti mbili, au mwenye pasipoti moja inayofungua kote. Mkenya mwenye uraia wa nchi mbili anatembea tu. Mtanzania mwenye pasipoti ya Uingereza ana viza ya kuhesabia siku, na kwake ile hadhi maalumu ndiyo yenye maana zaidi.

Mfuko: ghali. Nyumba mbili, mlinzi mmoja, bili za umeme pande zote, tiketi. Nairobi ina ndege za moja kwa moja kutoka London, mwendo wa kama saa nane na nusu angani. Wa Dar anabadilisha ndege mahali. Ukiwa mbayuwayu huwezi kuikwepa bei ya Desemba, kwa kuwa ndiyo msimu wako. Hesabu siku zako pia: ukifika siku 183 ndani ya Uingereza katika mwaka wa kodi, wewe ni mkaazi wao kikodi bila mjadala, na hata chini ya hapo mahusiano yako kule yanaweza kukufanya mkaazi. Faida iko kwenye pensheni. Maadamu makazi yako ya kweli bado ni Uingereza, inaendelea kupanda kila mwaka. Na hata aliyehama kabisa, akija kutembea hulipwa kiwango cha sasa kwa muda ule anaokuwa kule.

Afya: ndiyo njia yenye nguvu zaidi hapa, kama kweli bado unaishi kule. Wifi yangu ana miaka 68, vipimo vyake vyote vinafanyika Juni na Julai. Lakini anayekaa Bongo miezi 11 na kurudi mwezi mmoja kwa ajili ya daktari asijidanganye kwamba huo ni ukaazi.

Watoto: wenye wanafunzi wasahau. Wenye watoto wakubwa waliozaliwa na kubaki kule, hii ndiyo njia pekee ambayo mjukuu anakujua kwa harufu na si kwa video.

Moyo: hapa sina uhakika kama unaaga mara nyingi au huagi kabisa. Wifi analia uwanja wa ndege mara mbili kwa mwaka, pande zote mbili. Nilimtupia ile ya mshika mbili moja humponyoka. Akanijibu, "Mungu kanipa mikono miwili." Sawa. Ila kila akifika Tanga wiki mbili za kwanza ni kutengeneza kilichoharibika, na misiba mikubwa miwili ya ukoo imetokea akiwa upande usio sahihi. Katika vikao vya familia anaarifiwa, haulizwi.

Inamfaa nani: mstaafu mwenye afya ya kusafiri, nyumba iliyolipwa angalau upande mmoja, na moyo usiohitaji kuwa wa mahali pamoja.

WALIO NJE YA MIZANI HII

Ndugu zetu wa Ghuba, nyingi ya hesabu hizi haziwahusu. Ukaazi wa Muscat au Dubai umefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, viza inaisha, na kwa viza ya kawaida ya Falme za Kiarabu kukaa nje zaidi ya miezi 6 kunaifuta. Kwenu karibu kila kurudi ni jumla, kwa hiyo kujiandaa kunaanza siku ya kwanza ya mkataba. Na aliyeko Uingereza bila makaratasi naye hana njia tatu. Akiondoka kuna muda wa kufungiwa kuingia tena, mrefu au mfupi kutegemea alivyoondoka. Azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, asisikilize watu wa kwenye mabenchi ya saluni.

KULINGANA NA HALI YAKO

Una miaka 40 na kitu, ukaazi wa kudumu, na wazo la biashara: majaribio, yapite masika, na kama unastahili pasipoti amua kuhusu hilo kabla ya kuondoka. Ukiwa Mtanzania uamuzi huo una bei upande wa pili, kwa hiyo uuweke mezani pamoja na suala la kiwanja.

Una mtoto wa miaka 13 hadi 17: usiondoke naye. Vumilia, au mzazi mmoja atangulie.

Una mtoto wa miaka 6 na mume au mke mwenye moyo mmoja nawe: jumla inakupendelea, mradi kipato cha huku kimeshaanza kuingia kabla ya tiketi.

Uko karibu na pensheni lakini michango ina mapengo: kaa kwanza uangalie rekodi yako. Mtu mwenye miaka 9 ya michango anayerudi jumla kwa hasira ya baridi ya Februari anaacha mezani pensheni ya maisha.

Umestaafu, wajukuu wako Birmingham na dada zako wako Mombasa: mguu huku mguu kule, mpaka magoti yakikataa ngazi za ndege. Amua sasa, ukiwa na akili timamu, utatua wapi siku hiyo, na uwaambie watoto wapi unataka kuzikwa. Michango ya kusafirisha maiti nimeichangia mara nyingi mno kwa watu ambao familia zao hazikujua.

Na kama una makaratasi na mama anaumwa, hii mizani iweke pembeni. Kata tiketi ya wiki hii, nenda na begi moja, funguo mwachie jirani. Una miezi 24 ya kuamua yaliyobaki.